Tundu Katika Gitaa: Je, Kilichochongwa Upya Bado ni Ushahidi?

Wanafunzi wa historia tumezoea kuuliza kama hati fulani ni halisi au imeguswa na mkono wa baadaye. Swali hilohilo huulizwa na watu wanaokusanya magitaa ya umeme ya miaka ya 1980, na kwa maoni yangu wengi wao hulijibu vibaya. Ninazungumzia enzi ya roki ya nywele, pale bendi za California, vijana wenye nywele ndefu zilizopulizwa dawa na suruali za kubana, zilipotawala televisheni za Marekani. Baadhi ya wenzangu darasani walicheka waliposikia mada hii. Lakini gitaa la enzi hiyo ni kitu kilichozaliwa kwa kukatwakatwa, na hapo ndipo penye historia yake.

Tuanze na Eddie Van Halen. Katikati ya miaka ya 1970 alitaka gitaa lenye umbo la Stratocaster ya Fender lakini lenye sauti nene ya Gibson. Madukani halikuwepo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alinunua mwili kwa dola 50 na shingo kwa dola 80, akachonga tundu na kupachika humo pikapu, yaani sumaku na koili inayonasa mtikisiko wa nyuzi, aliyoing'oa kwenye Gibson. Ili pikapu isipige miluzi kwenye spika kubwa, aliichovya katika nta iliyoyeyushwa, waya zikatulia. Rangi aliipuliza mwenyewe. Baadaye alikaza kwa skrubu sarafu ya senti 25 ya mwaka 1971 chini ya daraja la nyuzi ili lisiegemee nyuma. Gitaa hilo la vipandevipande ndilo lililosikika katika albamu ya kwanza ya Van Halen mwaka 1978, na baada ya hapo kila kijana alitaka tindo.

Mwaka 1979 Floyd Rose alipata hataza ya daraja linalobana nyuzi pande zote mbili, ili mpigaji aweze kuvuta mkono wa chuma kwa nguvu bila nyuzi kulegea. Kulifunga kwenye Stratocaster ya zamani kulihitaji kuondoa mbao. Basi zikaondolewa, hata kwenye magitaa yaliyotengenezwa kabla kampuni ya CBS haijainunua Fender mwaka 1965. Wakati huo hayo yalikuwa magitaa ya mitumba tu. Leo mkusanyaji akiona tundu hilo anasikitika kama mtu aliyekuta mchoro wa kale umetobolewa, na bei huanguka vibaya.

Viwanda navyo vilifuata nyayo za vijana. Karakana ya Wayne Charvel ilikuwa ya kurekebisha magitaa na kuuza spea. Grover Jackson aliinunua mwaka 1978, na magitaa ya Charvel yenye anwani ya San Dimas kwenye bamba la chuma nyuma ya shingo yakawa maarufu. Kramer wa New Jersey nao walitoa Baretta: pikapu moja, kitufe kimoja cha sauti, daraja la Floyd Rose. Sasa magitaa haya haya, yaliyoiga ukaidi wa kuchonga, yanatafutwa yakiwa na kila skrubu ya awali. Ukibadilisha pikapu, umeharibu! Mwaka 2007 Fender waliuza nakala 300 za gitaa la Van Halen kwa dola 25,000 kila moja, wakiiga mikwaruzo, rangi iliyobabuka, hata sarafu.

Nakubali kwamba wakusanyaji hutufundisha uchunguzi wa vyanzo. Bamba la San Dimas limeshikiliwa na skrubu nne tu. Linaweza kuhamishiwa mwili mwingine, kwa hiyo halithibitishi chochote peke yake. Ndani, chini ya vitufe, huwa kuna namba zilizogongwa: 1378312 ina maana kampuni ya CTS (137), mwaka 1983, wiki ya 12. Kama kifaa hicho ni cha awali, gitaa halikukamilika kabla ya wiki hiyo. Huo ni ushahidi mzuri kuliko hadithi ya muuzaji.

Ninachopinga ni kuziba. Mafundi hulipwa kujaza tundu la Floyd Rose kwa mbao, kupaka rangi upya na kulirudisha gitaa mwaka 1963. Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba kurejesha ni kuheshimu chanzo. Kuheshimu chanzo kipi? Tundu la mwaka 1984 ni maandishi ya kijana wa 1984, na ukilijaza umemfuta yeye ili umpendeze mnunuzi wa leo. Angalau lipigwe picha na kupimwa kwanza.

Hapa Kampala, katika kanisa ninakopiga gitaa, tuna gitaa la Kikorea lenye daraja la aina hiyo. Uzi mmoja ukikatika, nyuzi zote hupoteza sauti katikati ya wimbo. Kwa hiyo mtu alichomeka kipande cha mvule nyuma ya daraja lisiyumbe tena. Mzee wa kwaya anasema aliyekiweka alikuwa fundi wa makabati, na kwamba alipima kwa kidole. Juzi tulipolifungua kusafisha, kiongozi wa bendi alitaka kukitoa akatupe. Nilimwomba akiache.