Mgusano wa Mzee na Hewa Chafu

Gazeti likiandika kwamba "wazee wengi wa mtaa huu wameathirika na hewa chafu", msomaji hajui ameambiwa nini. Wanaumwa kifua, au wanaishi tu kando ya barabara yenye moshi? Kwa mtafiti wa afya hayo ni mambo mawili, na kazi yake nzima ni kupima kama moja linaleta jingine. Ugonjwa na kifo tumeshavipatia jina: athari. Huko kuishi ndani ya moshi ndiko kunakotutoa jasho. Tukikuita "kuathirika", tumetoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Tafsiri zilizopo za neno la Kiingereza "exposure" hazijatulia. "Kukabiliwa na" ni Kiswahili kizuri, ila anayekabiliwa na jambo kwa kawaida ana habari nalo, na chembechembe za moshi hazipigi hodi. "Mfichuo" unanuka kashfa za mafisadi. "Mfiduo", unaopendwa na mashine za kutafsiri, una sura ya istilahi, lakini bibi akiusikia redioni atamuuliza jirani. Mimi nashika mgusano. Wataalamu wa fani hii huifafanua dhana yenyewe kuwa ni kukutana kwa kichafuzi na mpaka wa nje wa mwili, kwa kiwango fulani na kwa muda fulani. Najua kugusa kunatupeleka moja kwa moja kwenye ngozi. Lakini pua na mdomo navyo ni mipaka ya mwili, na kinachopita hapo kikaingia ndani kina jina lake, dozi.

Uzito wa dhana hii uko kwenye muda. Tumchukue bibi anayepikia kuni katika jiko lenye dirisha moja. Tuseme hewa ya mtaani ina mikrogramu 20 za chembechembe laini, zile zisizozidi kipenyo cha mikromita 2.5, kwa kila mita ya ujazo. Na jikoni, moto ukiwaka, zinafika 300. Akikaa jikoni saa 3, na saa 21 zilizobaki akavuta hewa ya mtaani, wastani wake wa siku ni 55. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri wastani wa saa 24 usizidi 15. Kipimo kilichofungwa juu ya paa la ofisi ya kata kitaandika 20, na hakijasema uongo: kimepima hewa ya paani. Bibi hakupimwa na mtu.

Ndiyo maana watafiti wengine humvalisha mtu kifaa. Pampu ndogo hukaa kiunoni, mpira mwembamba hupanda hadi karibu na kola, na hewa hupitishwa kwenye kichujio cheupe cha duara. Kichujio hupimwa uzito kabla na baada, kwa mizani inayosoma mikrogramu. Hurudi maabara kikiwa cha kijivu, na cha aliyepikia kuni huweza kurudi cheusi tititi. Kwa mzee ni adha. Pampu inanguruma usiku, mkanda unambana, mwishowe anaivua na kuitundika nyuma ya mlango, na hapo mgusano unaopimwa ni wa mlango.

Wala huwezi kuwavalisha pampu watu milioni 60. Mwaka 2017 Qian Di, Francesca Dominici, Joel Schwartz na wenzao walichapisha utafiti kuhusu idadi kama hiyo ya wazee wa Marekani, wenye miaka 65 na zaidi, waliokuwa katika Medicare, bima ya afya ya serikali, kati ya 2000 na 2012. Kompyuta ndiyo iliyokadiria hewa ya kila pembe ya nchi, kisha kila mzee akahesabiwa wastani wa mwaka wa eneo la msimbo wake wa posta. Kwa kila ongezeko la mikrogramu 10 za chembechembe laini kwa mita ya ujazo, hatari ya kufa iliongezeka kwa asilimia 7.3. Uhusiano huo uliendelea hata chini ya mikrogramu 12, kiwango ambacho wakati huo kilikuwa halali kisheria nchini humo.

Sasa, hicho kilichopimwa ni mgusano? Ni makadirio yake, kwa kufuata anwani. Mstaafu hushinda nyumbani zaidi kuliko mfanyakazi anayevuka mji kila asubuhi, kwa hiyo anwani yake inasema mengi zaidi. Lakini inanyamaza kuhusu jiko, sigara ya mwenye nyumba na dirisha lililofungwa. Kwa wazee wa kwetu wanaoishi na mkaa na kuni, ingenyamaza zaidi. Ripoti ya Kiswahili ya utafiti kama huo ingepaswa kusema "mgusano ulikadiriwa kwa anwani", na palipovaliwa pampu, "ulipimwa mwilini". Katika ukurasa wa gazeti, ambako istilahi hazina wateja, "hewa chafu wanayoivuta" inatosha kabisa. "Walioathirika" wasubiri majibu ya daktari.