Uchovu wa Ubongo: Historia ya Jina Moja

Muhula mmoja mwanafunzi alitujia akisema kichwa chake kinawaka na maneno ya kitabu hayaingii. Sisi tuliofunzwa theolojia tuliuliza habari za sala zake. Mwenzake asomaye udaktari aliuliza habari za usingizi. Wazee wa nyumbani wakauliza ni nani aliyemwonea kijicho. Kila mmoja alikuwa na jina lake tayari.

Mwaka 1960 Raymond Prince, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada, alichapisha taarifa juu ya wanafunzi wa Nigeria waliolalamika vivyo hivyo: kichwa kuwaka, macho kufifia wasomapo, waliyoyasoma kutokumbukwa. Wenyewe waliuita uchovu wa ubongo, uliotokana na kusoma mno. Prince aliona chanzo katika elimu ya Kizungu, imtakayo mtu ajitahidi peke yake, ilipomkuta kijana aliyelelewa katika umoja wa ukoo. Hoja hiyo ina uzito. Tunawajua wanafunzi wanaoingia chumba cha mtihani wamebeba kijiji kizima mabegani, maana ndicho kilichochanga karo.

Lakini mwaka 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliweka jina hilo katika orodha ya maradhi ya tamaduni maalumu, kana kwamba ni mali ya Afrika Magharibi. Kumbe Waingereza walikuwa wakilitumia kwa wasomi wao wenyewe tangu karne ya 19! Toleo la mwaka 2013 halikulipa tena nafasi ya peke yake.

Thomas Adeoye Lambo, Mnigeria aliyesomea tiba Uingereza, hakubishania majina sana. Huko Aro, karibu na Abeokuta, kuanzia mwaka 1954 aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja pamoja na ndugu yake; walitibiwa hospitalini, wakarudi kula na kulala miongoni mwa watu. Waganga wa jadi nao walishirikishwa, jambo ambalo wengi wetu wachungaji tungelisita kulikubali.

Hata hivyo, Luther asingeshangazwa na vijiji vile. Mwaka 1530, akiwa Coburg, alimwandikia Jerome Weller, kijana msomi aliyelemewa na huzuni. Aliyahesabu mateso yake kuwa mashambulio ya Ibilisi, lakini hakumwamuru ajifungie kusali. Alimwonya akimbie upweke, atafute watu, acheze na kufanya mizaha.

Mwanafunzi wetu tulimwuliza baadaye sana, na kwa aibu, anakula na nani. Alisema tangu muhula uanze hajala na mtu.