Bob Tano ya Getini

Nilikuwa darasa la nne, shule moja ya msingi karibu na soko la Mayoni, ile barabara ya kutoka Mumias kwenda Bungoma. Asubuhi moja gari lenye spika kubwa likaingia hadi uwanja wa paredi. Walimu wakatupanga foleni. Wasichana wawili waliovaa fulana za kampuni wakatufundisha wimbo wa bidhaa yao, wakauliza maswali, na aliyejibu akapewa rula. Kisha kila mtu akapata pakiti moja ya bure. Wiki hiyo hiyo, duka lililo mbele ya geti likaanza kuuza ile pakiti bob tano.

Sitaji kampuni. Wengi wenu mlitembelewa na ya kwenu. Swali langu ni moja tu: geti lilifunguliwa na nani?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1979, Moi akiwa bado mgeni Ikulu, alianzisha maziwa ya bure kwa shule za msingi. Waulize wazazi wako kuhusu Maziwa ya Nyayo, watakusimulia mpaka ile pakiti ya pembe tatu. Yalitoka KCC, kampuni iliyoanzishwa na walowezi wa kizungu mwaka wa 1925. Serikali ilinunua, mtoto akanywa. Na tusijidanganye, hata hapo kuna kitu kilikuwa kinauzwa. "Nyayo" lilikuwa neno la siasa za Moi, na mtoto alilimeza pamoja na maziwa. Lakini angalau alishiba, na hakuna aliyemuuliza ana pesa ngapi mfukoni.

Kufikia mwisho wa miaka ya 90, KCC ilikuwa imezama kwenye madeni na usimamizi mbovu. Maziwa ya shule yakabaki hadithi.

Halafu ikaja 2003. Kibaki akafanya elimu ya msingi kuwa bure, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Ilikuwa hatua kubwa, mimi mwenyewe ni mtoto wa hiyo elimu. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: vitabu, chaki, ukarabati na kadhalika. Chakula hakikuwamo.

Kwetu pesa ilikuwa miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka wa 1973, na malipo ya miwa ndiyo yaliyonunua sare na unga. Yalipoanza kuchelewa, nyumba nyingi ziliyumba. Septemba 2019 benki ya KCB ikaiweka kampuni chini ya mrasimu. Mzazi ambaye hana cha kukufungia asubuhi hukutafutia sarafu. Hiyo sarafu ndiyo lunchi yako.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwalimu mkuu. Ukuta umebambuka, pesa haitoshi, halafu kampuni inakuja inasema: tutapaka rangi, tutaleta na mapipa ya taka, tupe tu nusu saa ya paredi. Wewe ungekataa? Ukuta ukapakwa kweli. Nembo nayo ikabaki hapo, tukiitazama kila siku tukiimba wimbo wa taifa.

Msinielewe vibaya, sina shida na mama wa mandazi. Yeye anakaa nje ya geti, unajua anauza, na ukikosa pesa anaweza kukukopesha mpaka kesho. Kampuni iliingia ndani ikasimama pale anaposimama mwalimu. Mtoto wa miaka kumi hawezi kutenganisha somo na tangazo kama yote yanatoka mahali pamoja.

Na kuchora mstari tunajua. Sheria ya pombe ya 2010 inakataza baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Kwa wanaouzia watoto sukari na chumvi kwenye paredi, tunapiga makofi.

Angalia Nairobi. Tangu 2023, kwenye mpango wa Dishi na County, mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, na kaunti pamoja na shirika la Food4Education wanabeba gharama inayobaki. Mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa, anapewa chakula moto. Bob tano. Sarafu ile ile niliyopeleka dukani nikarudi darasani na njaa na vidole vya chumvi.

Kwa hivyo nikirudi ushago na kuona watoto wa Mayoni wamejaa kwenye lile duka saa saba mchana, siwezi kuwalaumu. Hata kuwafukuza wauzaji peke yake haitasaidia, kwa sababu njaa itabaki pale pale. Anza na sahani. Mtoto akishashiba, hiyo spika itapiga kelele peke yake.