Dunia (injini ya michezo)

Dunia ni injini ya michezo ya video, yaani programu ya msingi inayochora mandhari, kukokotoa mwendo wa vitu na kuendesha mchezo mzima. Ilitengenezwa na studio ya Ubisoft iliyoko Montreal, Kanada, na ilianza kutumika katika Far Cry 2 (Oktoba 2008), mchezo wa kufyatua risasi unaofanyika katika nchi ya kubuni ya Kiafrika isiyotajwa jina. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo. Asili yake ni Kiarabu, na Wahindi na Waindonesia nao wanalo.

Chimbuko lake ni CryEngine ya kampuni ya Kijerumani Crytek, iliyoendesha Far Cry ya kwanza (2004). Ubisoft ilipochukua haki za mfululizo huo mwaka 2006, mafundi wa Montreal waliandika upya sehemu kubwa ya msimbo. Crytek ikashika njia yake na kutoa Crysis (2007), mchezo uliozilemea kompyuta za wakati ule hata wachezaji wakawa wanataniana: mashine yako inaiweza Crysis? Dunia haikuruhusiwa anasa hiyo. Ilibidi ienee pia katika PlayStation 3 na Xbox 360, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 512 tu.

Sifa yake kubwa ilikuwa moto. Katika michezo mingi ya enzi hiyo moto ulikuwa pambo tu, picha iliyobandikwa mahali. Katika Far Cry 2 cheche moja ilishika nyasi kavu, ikafuata uelekeo wa upepo, ikapanda vichakani na kuzimika ilipokosa cha kuunguza. Mchezaji aliyerusha chupa ya petroli bila kuangalia upepo aliweza kuungua mwenyewe. Matawi yalikatika kwa risasi, na jua lilichomoza na kutua. Uzuri huo ulitokana na kanuni zaidi ya wingi wa nukta kwenye skrini, ndiyo maana haujachakaa upesi.

Ugumu wa ulimwengu wazi ni muda. Ili skrini ionyeshe picha 60 kwa sekunde, kila picha lazima ikamilike ndani ya milisekunde 16.7 hivi, ilhali mchezaji anaweza kupanda kilima na kutazama bonde zima. Kwa hiyo mti wa mbali huchorwa kwa maumbo machache, kilicho nje ya macho hakichorwi kabisa, na ardhi ya mbele hupakiwa kidogo kidogo kadiri gari linavyosonga. Mti unaochomoza ghafla kando ya barabara ni dalili kwamba hesabu hiyo imechelewa.

Toleo la pili, Dunia 2, lilikuja na Far Cry 3 (2012), na vizazi vyake vimefika hadi Far Cry 6 (2021). Hapo ufuatiliaji wa miale ya mwanga, kwa vivuli na uakisi, uliwekwa katika kompyuta pekee. Hata hivyo, kadi ya picha yenye nguvu mara nyingi hukaa ikisubiri, kwa sababu injini hii hukitwisha kiini kimoja cha prosesa mzigo mkubwa kuliko vingine.