Chuma Kilichoipiku Osimiamu

Julai 1909, katika mji wa Karlsruhe nchini Ujerumani, mkemia Fritz Haber aliwaonyesha wageni wa kampuni ya BASF amonia ikidondoka kutoka kwenye mtambo mdogo, ikiwa imetengenezwa kwa haidrojeni na naitrojeni. Kichocheo chake kilikuwa osimiamu, metali adimu ambayo akiba yote ya dunia isingetosheleza viwanda.

Kazi ya kusaka kichocheo cha bei nafuu akapewa Alwin Mittasch, mkemia wa BASF, chini ya mkuu wake Carl Bosch. Mittasch alitumia mitambo midogo iliyobeba gramu chache tu za kichocheo, ili jaribio moja likimalizika jingine liingie. Chuma safi kilisuasua. Novemba mwaka huohuo wakajaribu magnetaiti, mawe ya chuma kutoka Gällivare, Sweden, na amonia ikatoka kwa wingi.

Heshima yangu kwa Mittasch inaanzia hapo. Alitaka kujua kwa nini mawe yale na si mengine, akagundua kwamba siri ilikuwa kwenye uchafu wake. Basi akawa anauongeza mwenyewe kwa vipimo: alumina, potasi, chokaa. Majaribio yalifika maelfu. Septemba 1913 kiwanda cha amonia cha BASF huko Oppau kikaanza kazi. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, na amonia ileile ikaingia kwenye baruti.

Ndani ya kichocheo hicho, haidrojeni inapoinyang'anya magnetaiti oksijeni yake, hubaki chuma chenye vitundu tele, chembe zake zikiwa na upana wa makumi ya nanomita tu. Alumina huzizuia zisigandamane. Potasi huusaidia uso wa chuma kuivunja naitrojeni. Mkemia Gerhard Ertl, aliyefafanua hatua hizo, alipata Nobeli mwaka 2007. Kwa hiyo Mittasch alikuwa akitengeneza chembe za nano kabla neno hilo halijazaliwa.

Leo watafiti huziunda chembe kama hizo kwa makusudi, zishike nafasi ya paladiamu na platinamu kama vichocheo. Kazi ikiisha, nyingi huvutwa kwa sumaku na kutumika tena. Adui wao ni kutu, ndiyo maana wengine huzivika kaboni au silika.

Anayekidharau chuma kwa urahisi wake aulize mfuko wa urea anaonunua mkulima wa Mbeya au Trans Nzoia umetokana na nini. Umetokana na amonia, na amonia ya viwandani hadi leo hutengenezwa zaidi kwa kichocheo cha chuma, cha ukoo uleule wa Mittasch.