Uamini Usiamini

Sentensi ya kwanza ya Kichina niliyoikariri bila kulazimishwa haikuwa methali. Ilitamkwa usiku wa Julai 24, 2011 na Wang Yongping, msemaji wa Wizara ya Reli ya China, mbele ya waandishi wa habari waliojaa hasira. Mwalimu wetu aliiandika ubaoni ili tujifunze neno fanzheng, yaani "vyovyote vile". Kwa Kiswahili ningeiweka hivi: uamini usiamini, mimi vyovyote vile nimeamini.

Siku hizi kazi yangu ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Kila ninapoambiwa niandike kwamba "hali imedhibitiwa", sentensi ile hunirudia.

Nchini China kazi hii si ya zamani sana. Iliingia miaka ya 1980, uchumi ulipofunguliwa, kupitia hoteli za wageni za kusini na kampuni za kigeni kama Hill & Knowlton, iliyofungua ofisi Beijing mwaka 1984. Mwaka 1989 televisheni ya Guangdong ilirusha tamthilia kuhusu wasichana wa idara ya uhusiano hotelini, na jina la kazi likaenea: gongguan, kifupi cha maneno yenye maana ya uhusiano na umma. Ila guan likisimama peke yake lina maana nyingine pia: kufunga, kama ufungavyo mlango.

Chombo kikuu cha msemaji wa serikali kilikuwa tonggao, andiko moja linalopelekwa kwa magazeti yote ili yalichape karibu neno kwa neno. Aliyeliandika hakuwa na mshindani. Kisha, Agosti 2009, ukaanza mtandao wa Weibo. Kikomo chake kilikuwa herufi 140, lakini kwa Kichina herufi moja mara nyingi ni neno zima, kwa hiyo 140 zinatosha kubeba habari kamili.

Julai 23, 2011, yapata saa mbili na nusu usiku, treni ya mwendo kasi D301 iliigonga kwa nyuma treni D3115 karibu na Wenzhou. Mabehewa manne yalianguka kutoka darajani. Watu 40 walikufa na 172 wakajeruhiwa. Ndani ya dakika chache abiria walikuwa wanaandika Weibo kutoka gizani, wakiomba msaada. Usiku uleule wakazi wa Wenzhou walipanga foleni kuchangia damu. Kesho yake nchi nzima iliona picha za makatapila yakikifukia kichwa cha treni kando ya reli. Na jioni hiyo, takriban saa 21 baada ya ajali, wakati ilishasemwa kwamba hakuna tena dalili za uhai, mtoto wa miaka miwili akatolewa hai.

Wang aliulizwa kwa nini kichwa cha treni kilifukiwa. Alijibu kwamba aliposhuka kwenye ndege aliwauliza wenzake waliompokea, wakamwambia eneo lina tope na waokoaji walihitaji pa kupitia. Ndipo akasema: uamini usiamini. Kuhusu yule mtoto alisema ni muujiza.

Zamani nilimcheka kama wengine. Sasa naona alikuwa anafanya kazi ninayoifanya mimi. Alipewa maelezo uwanja wa ndege, akayabeba hadi kwenye kipaza sauti, na hakuwa na kingine cha kuyashikilia zaidi ya imani yake mwenyewe. Lakini wasikilizaji wake walishaziona picha.

Sentensi yake ikawa mzaha wa taifa. Maelfu waliigeuza kwa kila jambo. Agosti aliondolewa kwenye usemaji. Desemba ripoti ya uchunguzi ilitaja kasoro za vifaa vya ishara na uzembe wa usimamizi. Machi 2013 wizara yenyewe ilivunjwa.

Ingeweza kuonekana kwamba umma umeshinda. Lakini mwezi uleule wa Desemba 2011 Beijing iliagiza watumiaji wa Weibo wajisajili kwa majina halisi. Mwaka 2012 sehemu ya maoni ilizimwa kwa siku tatu. Septemba 2013 ikaamuliwa kwamba uzushi wa kumchafulia mtu jina ukisambazwa mara 500 au kusomwa mara 5,000, aliyeuandika anaweza kufungwa. Wakati huohuo, idara za serikali na kampuni zilikuwa zikifungua akaunti zao Weibo na WeChat, zikijifunza kuongea kirafiki na kuweka vibonzo. Uhusiano ulipatikana, na mlango nao ukafungwa. Yote mawili ni guan.

Mwaka jana ghala la mteja wetu liliungua usiku. Nilipigiwa simu: andika kwamba hakuna aliyeumia. Nikauliza ni nani aliyehesabu watu. Upande wa pili kukawa kimya. Niliandika kwamba moto umetokea, kwamba hesabu ya wafanyakazi inaendelea, na kwamba tutatoa taarifa nyingine saa nne. Nilikaripiwa kwa kuwatia watu hofu. Saa nne ilipofika, walinzi wawili walikuwa wamelazwa hospitali, na mke wa mmoja wao alikuwa ameshaweka picha mtandaoni.