Chale Ndani ya "Nyingine"

Nahodha mmoja wa huku kwetu, mtu wa makamo ya baba yangu, alinikuta kibarazani na kompyuta mapajani akaniuliza swali la haki kabisa: "Mwanangu, ule ukurasa wa Chale, watu wangapi wameusoma mwaka huu?"

Alikuwa na sababu. Mimi ndiye ninayetunza tovuti ndogo inayowaelekeza wageni pwani ya kusini, kuanzia Likoni hadi Vanga. Ina kurasa zaidi ya 100 za mahali: Tiwi, Diani, Kinondo, Gazi, Msambweni, Shimoni, Wasini, na vijiji ambavyo mgeni akivipita hajui kama amevipita. Wakati huo tulikuwa tunajadili kurasa zipi zitafsiriwe na zipi ziondolewe, na pesa zilikuwa za kutosha nusu tu. Ukurasa usiosomwa ungekwenda. Nahodha hupeleka watu kwa mashua, na wengine walimpata kupitia ukurasa ule.

Nikafungua ripoti ya mwaka. Diani juu, kama kawaida. Wasini, Shimoni, Gazi. Nikashuka mpaka chini kabisa. Chale haikuwapo. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja, ambalo kwa Kiswahili ni "Nyingine," na mbele yake idadi ya watu iliyozidi ya kurasa nyingi zilizotajwa kwa jina.

"Haisomwi?" akauliza.

"Sijui, baba," nikamwambia. "Imo humu ndani, lakini sijui ni ngapi."

Siku ile ndiyo niliyoanza kuchimba historia ya mstari huo.

Zamani za mtandao, kuhesabu wageni kulikuwa ni kusoma daftari la seva. Kila mtu akifungua ukurasa, seva huandika mstari mmoja: saa, anwani, ukurasa gani. Mwaka 1995 Stephen Turner wa Cambridge alitoa programu iliyoitwa Analog, ya kulisoma daftari hilo na kutoa muhtasari. Zikafuata nyingine. Mwaka 2005 Google ilinunua kampuni ya Urchin, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikatoa Google Analytics bila malipo. Mwaka 2007 ukaanza mradi wa Piwik, ambao mtu yeyote angeweza kuuweka kwenye seva yake mwenyewe. Tangu 2018 unaitwa Matomo. Huo ndio tunaoutumia sisi.

Programu hizi zote zilikutana na tatizo moja. Daftari halina mwisho, ila diski na kumbukumbu ya kompyuta vina mwisho. Kwa hiyo programu haifungui daftari zima kila unapouliza swali. Huandaa majedwali mapema, ya siku, ya wiki, ya mwezi, ya mwaka, kisha inakuonyesha jedwali lililokwisha kupikwa. Na kila jedwali lina kikomo cha mistari. Iliyo mikubwa hubaki na majina yake. Iliyobaki hujumlishwa na kutupwa kwenye kapu moja. Google Analytics ya zamani, iliyoacha kupokea hesabu mpya tarehe 1 Julai 2023, ilikuwa na kikomo cha mistari 50,000 kwa jedwali la siku moja kwa watumiaji wasiolipa. Matomo, ukiiweka bila kugusa mipangilio, huweka mistari 500 kwa jedwali la kurasa, na 100 tu kwa kila jedwali la ndani, yaani kurasa zilizo chini ya folda moja.

Hapo ndipo nilipojishika kichwa. Kurasa zangu zote za mahali niliziweka kwenye folda moja. Nilidhani ninapanga nyumba vizuri, kumbe nilikuwa nazipeleka zote kwenye mlango wa watu 100.

Tena kuna kitu kilichonishangaza zaidi. Kwa siku moja, kurasa zinazofunguliwa kwetu hazifiki 100. Kwa hiyo kwenye jedwali la siku Chale ilikuwa inaonekana kwa jina lake: leo watu wawili, kesho mmoja, keshokutwa hakuna. Jedwali la mwezi ndilo lililojaa. Mwezi hujengwa kwa kujumlisha siku, na mwaka kwa kujumlisha miezi. Kadiri unavyotazama kwa mbali, ndivyo wadogo wanavyozama.

Dawa yake si ngumu. Kwenye faili la mipangilio unapandisha kikomo, 500 iwe 1,000 au zaidi, 100 iwe 500. Utalipa kwa nafasi ya diski na kwa mwendo, maana ripoti zitakuwa nzito. Kabla ya hapo ni vyema kusafisha: anwani zenye mikia ya matangazo au namba za kikao hufanya ukurasa mmoja uonekane kama kurasa mia, na mistari hiyo ya uongo ndiyo inayowasukuma wa kweli nje. Halafu unaamuru miezi iliyopita ipikwe upya, kwa sababu kikomo kipya hakirudi nyuma chenyewe.

Kupika upya kunahitaji unga. Na unga niliumwaga mimi. Miezi kadhaa kabla ya swali la nahodha, diski ilikuwa inakaribia kujaa, nami nikawasha kipengele cha kufuta kumbukumbu ghafi za zamani pamoja na ripoti za siku. Nilibakiza za mwezi na za mwaka, nikijiambia kwamba hizo ndizo zenye maana. Seva ikapumua, nami nikalala vizuri.

Mzee yule, nilipomweleza, alisikiliza kwa makini. Kisha akasema, "Kama hesabu ya serikali na Wamakonde."

Hakukosea sana. Huku Kwale tunaijua habari hiyo kwa karibu. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Walizaa, wakajukuu, wakazikana hapa; Makongeni, upande wa Msambweni, ni kwao. Lakini Kenya ilizoea kusema ina makabila 42, na wao hawakuwa ndani ya orodha hiyo. Bila nafasi kwenye orodha hakuna kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna ajira rasmi, wala akaunti ya benki, wala kura. Oktoba 2016 walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta alikutana nao Ikulu, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na wakaitwa kabila la 43. Baada yao orodha imeendelea kufunguka: Wakenya wenye asili ya Asia mwaka 2017, Washona waliotangaziwa uraia Jamhuri Dei ya 2020, Wapemba mwaka 2023.

Sisemi ukurasa wa tovuti ni sawa na mtu. Mtu anaumia, ukurasa hauumii. Ninachosema ni kwamba ile 42 watu waliitaja kama vile imeshuka kutoka mbinguni, kumbe ni kikomo, na kikomo huwekwa na mtu. Wamakonde walikuwa na miguu ya kwenda kukipinga. Ukurasa hauna miguu. Unamtegemea aliyeshika funguo.

Hata hivyo, lazima niutendee haki mstari wa "Nyingine." Kuna kifo kibaya zaidi ya hicho. Mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, Uingereza ilipoteza kwa muda wagonjwa 15,841 wa Korona katika hesabu yake ya kila siku, kwa sababu majibu ya vipimo yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mstari uliozidi haukuingia kwenye kapu lolote. Ulikatika tu, na jumla ikawa ya uongo, na watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kuonywa. "Nyingine" angalau haidanganyi kwenye jumla. Inakuambia: wapo, ila sikuwaandika majina. Hatari inaanza pale msomaji wa ripoti anapotafuta jina, akalikosa, akasema hawapo.

Chale yenyewe imezoea mambo haya. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia. Misitu ya kaya iko zaidi ya 40 hapa pwani. Iliyoingia ni michache. Kinondo, jirani yake wa bara, imo. Kaya ya Chale, kwenye kisiwa, haimo. Haina maana kwamba msitu wake haupo. Mzee atakuonyesha kwa kidole.

Basi nilifanya nini? Nilipandisha kikomo, nikaligawa lile folda moja kuwa manne, nikazima ufutaji wa ripoti za siku. Kumbukumbu ghafi bado nazifuta, kwa sababu zina alama za watu na si vyema kuziweka milele, lakini sasa nazifuta baada ya kuhakikisha majedwali yamepikwa kwa ukubwa unaotosha. Miaka iliyopita haikurudi. Hata leo ukiniuliza Chale ilisomwa na wangapi wakati ule, jibu langu ni lilelile nililompa nahodha.

Kwenye mkutano wetu niliwaambia wenzangu ukweli: ukurasa wa Chale hauna sifuri, hauna namba. Ni vitu viwili tofauti. Mmoja akasema, "Sasa tutaamuaje bila namba?" Nikamwambia tusubiri mwaka mmoja tuhesabu upya, tusiufute kwa kosa langu. Walinung'unika kidogo, wakakubali.

Mwaka ulipotimia nilimfuata mzee palepale ufukweni, nikamgeuzia kioo cha simu. Chale ilikuwa chini sana kwenye orodha, lakini ina mstari wake na hesabu yake. Akavaa miwani, akasoma, akaitazama ile namba muda mrefu.

"Si wengi," akasema.

"Si wengi, baba."

"Haidhuru. Sasa wanajulikana."